SUV ya mama imepanda kutoka 6.2 hadi 7.1: saratani imekua?

Ndugu mleta uzi, pole kwa kuuguza. Umesema skani ya PET (picha inayoonyesha dawa yenye mionzi imekusanyika wapi mwilini) aliyofanyiwa mama India ilitoa SUV ya 6.2 kwenye uvimbe wa pafu, na hii ya Nairobi, baada ya kemo, imetoa 7.1. Mimi kazi yangu ni kuandaa wagonjwa wa PET, kuwachoma dawa na kuwapiga picha. Kwa namba hizo mbili peke yake, hakuna mtu anayeweza kukwambia saratani imekua.

SUV ni hesabu. Wanachukua dawa iliyokusanyika kwenye uvimbe, wanailinganisha na dawa aliyochomwa mgonjwa na uzito wake. Mizani ikikosea, jibu linakosea. Mama akinenepa au kukonda kati ya skani mbili, namba nayo inasogea.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Dawa tunayochoma, FDG, ni sukari iliyobeba florini-18, na mionzi yake hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Saa ya chumba cha dawa ikipishana na ya mashine kwa dakika 10 tu, hesabu inapotoka kwa takriban asilimia 6. Isitoshe, uvimbe mwingi wa saratani huendelea kuvuta sukari hiyo hata baada ya saa nzima. Kawaida picha hupigwa dakika 60 baada ya sindano. Foleni ikiwa ndefu mgonjwa akaingia dakika ya 90, namba yake inaweza kuwa kubwa zaidi na uvimbe ni ule ule.

Halafu kuna sindano yenyewe. Mishipa ya watu waliopitia kemo huwa migumu mno kupata. Dawa ikivujia pembeni ya mshipa na kubaki mkononi, kompyuta inahesabu kama yote imeingia mwilini, na SUV inatoka ndogo kuliko ilivyo. Wenzangu wa fani hii, nawasihi: ikivuja, iandikeni kwenye ripoti. Familia inayoshangilia namba iliyoshuka kwa sababu hiyo imedhulumiwa.

Chakula nacho. Chai ya sukari asubuhi inapandisha insulini, insulini inasukuma FDG kwenye misuli, uvimbe unapata kidogo. Ndiyo maana tunawafungisha, na sukari ya damu ikizidi 11 mmol/L mara nyingi tunaahirisha. (Blanketi tunazowapa pia zina kazi: baridi huamsha mafuta ya kahawia shingoni, nayo yanang'aa kwenye picha.)

Kwa mama yako, hata hivyo, mimi naanza kushuku mashine. Uvimbe mdogo, tuseme chini ya sentimita 2, husomeka chini ya kiwango chake halisi, na ukiwa sehemu ya chini ya pafu pumzi inautikisa na kuufifisha zaidi. Mashine mpya yenye programu kali ya kuunda picha inarudisha sehemu ya namba iliyopotea. Kwa hiyo uvimbe ule ule unaweza kutoa SUV tofauti kwenye mashine mbili.

Kutoka 6.2 hadi 7.1 haifiki hata asilimia 15. Vigezo vya PERCIST vya mwaka 2009, vya kupima kwa PET kama saratani inaitikia matibabu, vinataka ongezeko la zaidi ya asilimia 30 ndipo ihesabiwe kuwa ugonjwa umeendelea, na hapo skani ziwe zimefanywa kwa njia moja. Dalili mpya mahali pengine mwilini ni habari nyingine; hiyo haingoji asilimia.

Chukua sidii za skani zote mbili umpelekee daktari wa saratani. Muulize dakika kutoka sindano hadi picha, sukari ya siku ile, uzito, na SUV ya ini. Ini likiwa limepanda kwa kiwango kile kile na uvimbe, kuna uwezekano mkubwa kipimo ndicho kilichobadilika. Na skani ijayo ombeni ifanyike kwenye mashine hii hii ya Nairobi, kwa muda ule ule baada ya sindano.