Simulizi zinasaidia, lakini si kila simulizi

Mleta uzi, umeuliza kama kusimulia maisha ya watu halisi kunasaidia kweli kupigania haki sawa za mashoga na wasagaji, au ni kujianika bure tu. Umesema umebishana kwa vifungu vya haki za binadamu mpaka umechoka na hakuna aliyebadilika. Mdogo wangu wa kiume ni shoga, na jambo hili nimelizungumza na ndugu, majirani na wenzangu wa kazini kwa miaka. Jibu fupi: zinasaidia. Jibu refu ni kwamba nyingi zinazosimuliwa hazifiki popote, na nadhani sababu naijua.

Ukimpa mtu hoja, naye anatafuta hoja ya kukujibu. Utataja katiba, atataja dini, utataja sayansi, atataja mila, mtakesha. Ukimsimulia ulichokiona kwa macho yako hana cha kupinga, labda akuite mwongo, na mtu anayekufahamu hakuiti mwongo hivihivi.

Baba yetu mdogo alikuwa bingwa wa kuwasema "hao watu" kila tulipokutana. Siku moja nilimweleza, kwa ruhusa ya mdogo wangu, yaliyotokea alipolazwa ghafla. Aliyempeleka hospitali ni mwenzake anayeishi naye. Mapokezi wakamuuliza, wewe ni nani wake? Akasema rafiki, maana pale hapakuwa na jibu jingine la kutamka. Akaambiwa asubiri nje. Sasa huyo aliyeachwa kwenye benchi ndiye aliyejua kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini, ndiye mwenye picha za vidonge vyake kwenye simu, na ndiye aliyejua amevimeza saa ngapi. Mimi niliyefika baadaye sana, nisiyejua hata jina la dawa moja, niliingizwa moja kwa moja kwa sababu ya jina la ukoo. Ikawa natoka nje kumuuliza, narudi ndani kumjibu daktari, natoka tena.

Baba mdogo hakugusia dhambi. Aliuliza, "Sasa kwa nini wasimwite yeye mwenyewe?" Nikamwambia, baba, hilo ndilo tunalolidai. Mpaka leo hakubaliani na ndoa za watu wa jinsia moja, wala sikutegemea. Lakini mtu akisema mbele yake kwamba hao wasipewe haki yoyote, yeye ndiye huuliza: hata ya kumuuguza mgonjwa wake?

Nilikuwa na simulizi za kusikitisha kuliko hiyo. Matusi ya barabarani, mwenye nyumba aliyewatolea vyombo nje usiku. Nilishazisimulia, watu wakasema "maskini", kisha wakabaki na msimamo uleule. Anayekuhurumia bado anakutazama kutoka juu. Lakini benchi la hospitali na saa za dawa, kila aliyewahi kuuguza mtu anavijua. Baba mdogo mwenyewe aliuguza mkewe muda mrefu. Alijiona yeye pale kwenye benchi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kupunguza machozi na kuongeza mambo ya kila siku.

Mbinu hii ina historia. Mwaka 1972 Marekani, ushoga ukiwa bado kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili, daktari wa magonjwa hayo aitwaye John Fryer alizungumza kwenye mkutano wa chama chao mjini Dallas akiwa amevaa barakoa na wigi, sauti yake ikibadilishwa na kipaza sauti, akitumia jina la Dk. H. Anonymous. Akawaambia kwamba yeye ni shoga na ni daktari kama wao. Watu waliozoea kumjadili shoga kama mgonjwa wakajikuta wanamsikiliza mwenzao wa kazi. Mwaka 1973 chama kikauondoa ushoga kwenye orodha ile. Si kwa hotuba moja, tusidanganyane. Kulikuwa na tafiti za mwanasaikolojia Evelyn Hooker tangu miaka ya 1950, zilizoonyesha kwamba shoga si mgonjwa wa akili, na wanaharakati waliovamia mikutano yao. Ila angalia bei aliyolipa msimulizi: ilibidi afunike uso ili asipoteze kazi.

Mwaka huohuo wa 1972, mwalimu Jeanne Manford aliandamana New York pamoja na mwanawe, akiwa na bango la kuwataka wazazi wa mashoga waungane kuwaunga mkono watoto wao. Ule ndio uliokuwa mwanzo wa vikundi vya wazazi. Huwa nawatajia mfano huu wale wanaosema "mimi si mmoja wao, nitasema nini?" Utasema uliyoyaona ukiwa mama, dada, rafiki.

Kwa wanaotaka ushahidi: mwaka 2016 watafiti David Broockman na Joshua Kalla walichapisha matokeo ya mazungumzo ya mlango kwa mlango huko Miami, ya kama dakika 10 tu, kuhusu watu waliobadili jinsia. Chuki ilipungua, na tofauti ilikuwa bado inaonekana miezi mitatu baadaye. (Utafiti wa awali wa watu wengine kuhusu mashoga ulifutwa mwaka 2015 kwa sababu takwimu zilipikwa, na waliogundua ni haohao wawili na mwenzao. Ndiyo maana nawaamini.) Kilichonivutia ni kwamba wale wageni mlangoni hawakuhubiri. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke lini na yeye alihukumiwa kwa kuwa tofauti, wakanyamaza wamsikilize. Wengi wetu hapo ndipo tunaposhindwa, tunasimulia halafu tunadai jibu papo hapo.

Jambo linalonikera ni tabia ya kuchagua shoga "mzuri" wa kusimuliwa: msomi, mpole, mcha Mungu, hana kosa. Mdogo wangu hukopa na harudishi, na akikasirika hana adabu. Haki ya kuingia wodini au kutofukuzwa kazi haitolewi kama zawadi ya tabia njema. Sisi wengine hatukuombwa vyeti vya tabia. Ukimpamba sana, siku akikosea wanaondoka na haki zake pia.

Halafu ruhusa. Simulizi ni ya mwenyewe hata kama ni mtoto wako. Zaidi ya nchi 60 bado zina sheria za kuwaadhibu watu wa mapenzi ya jinsia moja, na hata pasipo sheria kuna mabosi na mashemeji. Muulize nini kisemwe, kwa nani, na nini kiachwe. Akikataa, basi imekwisha. Kubadili jina hakutoshi, badili na kazi yake, mwaka na chochote cha kumtambulisha. Na usimsukume mtu ajitangaze kwa faida ya mapambano wakati atakayeumia ni yeye.

Utaulizwa tu, "Kwani na wewe ni mmoja wao?" Usikimbilie kukana kwa kuapa, maana ukiapa umeshakubali kwamba ni aibu. Mimi hujibu, "Nikiwa ndiye, kuna nini kitabadilika katika niliyokwambia?"

Anza na mtu mmoja, ana kwa ana, anayekuamini kwa mambo mengine. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usithubutu. Kule kila mtu anaandika ili wengine wamwone, na hata aliyeguswa atacheka na wanaocheka.