Maswali na majibu: kuacha gari dogo la mbio na kuhamia saluni ya dizeli

Msomaji wa Shangani aliuliza kuhusu kuuza Golf yake ili achukue saluni ya dizeli (gari refu lenye buti nyuma), na baada yake wengine wakaleta maswali yanayofanana. Nayajibu pamoja kwa sababu yote yanarudi kwenye jambo moja: injini ichague kwa safari unazozifanya, si kwa ukubwa wa gari wala sifa zake mtaani.

Nina Golf GTI, kizazi cha tano. Kila mwezi naenda Dar na kurudi. Mke wangu analalamika mgongo, na watoto miguu haienei nyuma. Nimeona Mercedes E220 CDI na BMW 520d. Nibadilishe au nitajuta? (Shangani, Mtwara)

Badilisha, kaka. Wewe ndiye hasa ambaye magari haya yalitengenezwa kwa ajili yake.

Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. GTI ikiwa nzima, kwenye safari ndefu itakupa kilomita 11 hivi kwa lita. E220 CDI au 520d zilizotunzwa zinafika 16 bila kulazimishwa. Kwa kwenda na kurudi unaokoa lita 30 na ushee, kila mwezi. Ila usitarajie akiba hiyo peke yake ilipe tofauti ya bei ya magari, kwa sababu sevisi na spea za saluni hizi ni ghali. Unachonunua hapa ni mwili usiochoka.

Kuhusu mgongo wa shemeji: umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma kwenye Golf yako ni sentimita 258 hivi, na kwenye E-Class ya kizazi cha W212 ni 287. Sentimita hizo karibu 30 ndizo zinazozuia gari lisitikise kichwa kila linapokutana na mabaka ya lami. Angalia na tairi. GTI nyingi zina 225/45 za rimu 17, yaani ukuta wa mpira wa sentimita 10. E220 ya kawaida huja na 225/55 za rimu 16, ukuta wa sentimita 12 na zaidi. Ukikuta E220 iliyovalishwa rimu 19 kwa ajili ya mapambo, utalipa pesa ya starehe na starehe usiione.

Kasi? Nitakwambia kweli. GTI ina nguvu farasi 200 na inafika mia kwa sekunde saba na kidogo. E220 CDI ina 170, na inazidi sekunde nane. Lakini nguvu yake ya kuvuta ni nyutonmita 400 dhidi ya 280 za Golf, na inapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 1,400 tu. Kwenye ule mwinuko baada ya Mbwemkuru, nyuma ya lori, hutashusha gia mbili wala kuipigisha injini kelele. Unakanyaga kidogo, gari linaondoka. Utakachokikosa ni ule wepesi wa kona, na sitakudanganya kwamba saluni yenye zaidi ya kilo 1,600 itakurudishia hilo.

Kati ya hizo mbili, mimi ningechukua Mercedes kwa njia yetu. BMW nyingi za namna hiyo zilitoka kiwandani na tairi za kutembea bila upepo, ngumu kwenye mashimo, na kwenye buti hakuna tairi ya akiba. Barabara hii ya Kilwa ilikatika Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, na popote inapotengenezwa unapitishwa kwenye mchepuko wa kokoto. Tairi ikipasuka ubavu kati ya Somanga na Nangurukuru, utaitamani tairi ya tano kuliko kitu kingine chochote.

Mimi ni muuguzi, nakaa Mangamba, kazini ni Ligula. Nina Vitz RS. Watu wanasema dizeli inadumu, nami nataka gari la heshima. Nichukue Mazda Atenza ya dizeli? (Mtwara)

Hapana, dada. Naomba unisikilize kwenye hili, maana limewaumiza wengi.

Ile dizeli iliyodumu miaka na miaka, wanayoisifia wazee, ilikuwa ya zamani na haikuwa na chujio la masizi kwenye ekzosi. Dizeli ya sasa inalo; mafundi wanaliita DPF. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto linalokaribia nyuzi 600, na joto hilo hupatikana gari likikimbia mfululizo kwa dakika kumi na tano, ishirini. Wewe unatembea kilomita chache, unazima, unarudi, unazima. Gari linaanza kuchoma, linakatizwa, kesho linaanza tena. Kila jaribio linaongeza dizeli ndani ya silinda, na sehemu yake huteremka kwenye oili. Ndiyo maana kijiti cha oili cha Atenza ya dizeli kina alama ya X juu ya ile ya kawaida: oili ikipanda hadi pale, imwage uweke mpya, kwa sababu imeshachanganyika na mafuta. Oili inayopanda ni hatari kuliko inayopungua, na wengi huiona wakafurahi.

Heshima unaweza kuipata kwenye Atenza ileile ya petroli. Ni pana, inakaa vizuri, na haitakudai safari ya Lindi kila wiki ili chujio lisizibe.

Huku Tandahimba nikiishiwa nanunua dizeli ya dumu. Itaniharibia saluni? (Tandahimba)

Itaharibu, tena mapema. Pampu ya dizeli ya sasa inasukuma mafuta kwa shinikizo la baa 1,600 na kuendelea, kupitia matundu ya nozeli yenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Inalainishwa na dizeli yenyewe. Dumu likiwa na maji au mafuta ya taa, ulainisho umeondoka na vyuma vinasagana. Jaza sheli yenye wateja wengi, tanki lisishuke chini ya robo, na filta ya dizeli ibadilishwe kila kilomita 10,000 hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Ulaya au Japani, si kwa dizeli ya huku kwetu.

Nimestaafu. Nina Swift Sport aliyoniachia kijana wangu, inanivunja mifupa. Nataka saluni kubwa ya dizeli ya kunipeleka shambani, njia ya vumbi. (Lindi)

Shikamoo mzee. Swift hiyo ni ngumu kweli kwa umri wako, hapo una haki. Lakini saluni ndefu ina tatizo lake: tumbo. Mahali ambapo gari fupi linavuka tuta kwa kuruka, refu linakalia katikati na kukwaruza chini. Kama shambani ni kila wiki, tafuta gari lililoinuka. Kama ni mara moja moja na siku nyingine unakwenda Mtwara kwa lami, saluni itakufaa, ila ikatae ile yenye shokapu za upepo. Zinabembeleza vizuri mno zikiwa nzima. Zikivuja, gari linalala chini asubuhi, na fundi wake huku kwetu ni wa kutafutwa.

Dalali anataka Impreza yangu niongezee pesa anipe 520d ya 2010. Nikague nini? (Masasi)

Kwanza mwambie asiiwashe kabla hujafika. Injini iwe ya baridi, shika boneti uhakikishe. Ukiwasha, sikiliza upande wa nyuma wa injini, karibu na gia boksi. Injini ya N47 iliyomo humo, hasa za 2007 hadi 2011, inajulikana kwa mnyororo wa taiming unaolegea, na mnyororo wenyewe uko nyuma, kwa hiyo kuubadilisha ni lazima injini au gia boksi ishuke. Ukisikia mkwaruzo wa chuma, ondoka, hata akipunguza bei mara tatu.

Moshi mweusi mzito ukikanyaga, maana yake huenda DPF imetobolewa. Pitisha kidole ndani ya ekzosi: gari lenye chujio zima halitoi masizi meusi ya kupaka.

Kisha karatasi. Namba ya chesisi kwenye bodi ifanane na ya kadi, jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia au awe na idhini yake ya maandishi, na faini za trafiki zitazamwe kwa namba ya gari kabla ya kulipa. Kadi ya Impreza usimwachie mpaka uhamisho wa zote mbili ufanyike siku moja.

Nikiweka petroli kwa bahati mbaya? (Mikindani)

Usiwashe. Hata kufungua swichi usifungue, maana pampu ya tanki huanza kusukuma. Sukumeni gari pembeni, tanki limwagwe lote.

Nikiagiza mwenyewe Japani, ukubwa wa injini unabadilisha ushuru? (Nachingwea)

Ndiyo. Ushuru wa bidhaa kwa magari haya unapanda injini ikizidi cc 2,000: kutoka asilimia 5 hadi 10. E220 CDI ya W212 ina cc 2,143, Atenza ya dizeli 2,188, zote zinaangukia juu. 520d ina 1,995, na E220d ya W213, iliyotoka 2016, ina 1,950. Umri nao unatozwa peke yake, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na 30 likizidi kumi. Kwa hiyo gari la bei ndogo kule Japani linaweza kukugharimu zaidi hapa kuliko lenye umri mdogo. Ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi, na urudie baada ya bajeti ya Juni, kwani viwango hubadilika.