Jibu: Kikundi chetu kinataka kuwapikia wanaolala nje Kariakoo, tuanzie wapi?

Mkuu, umesema mko vijana kumi na watano, mnachanga kila wiki, na mnataka kuwasaidia wanaolala kwenye baraza za maduka Kariakoo na Mnazi Mmoja, hapa Dar es Salaam. Umeuliza mgawe unga na maharage au mpike. Nimefanya kazi hizi, na vikundi nilivyoona vikifa vilikufa kwa sababu zilezile, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Pikeni. Mtu asiye na jiko ukimpa kilo mbili za unga atauza kwa bei ya kutupa, na hana kosa, angeufanyia nini? Chakula kibichi ni cha kaya yenye mlango na jiko, kama bibi anayelea wajukuu au mgonjwa aliyelala ndani. Hao mtaonyeshwa na mjumbe wa shina.

Siku iwe moja na isibadilike, na isiwe Ijumaa. Ijumaa wenye maduka wanatoa sadaka, na Ramadhani futari zipo kila kona. Njaa yenyewe iko katikati ya wiki, na inakaza Idi ikishapita. Watu 60 kila Jumanne mwaka mzima wanasaidika kuliko 500 siku ya uzinduzi yenye fulana na mabango. Anayejua kwamba Jumanne atakula anaweza kuipangia hela ya siku hiyo kazi nyingine. Msipokuja wiki mbili mfululizo bila taarifa, hesabuni mmewapoteza.

Kabla ya sufuria ya kwanza, andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa na nakala kwa mwenyekiti: siku, saa, mahali, idadi ya watu, na nani atasafisha mkimaliza. Mwoneni pia afisa afya wa kata, aje aangalie mnapopikia. Bila hiyo barua, mgambo wakipita tu mtaonekana mnauza chakula barabarani. Wapishi wapimwe afya, na mwenye kuhara au kidonda mkononi asishike chakula siku hiyo hata kama ndiye fundi wenu.

Chakula kinachowezekana ni makande. Kwa watu 100: mahindi yaliyokobolewa kilo 10, maharage kilo 6, vitunguu kilo 2, nyanya kilo 2, karoti kilo 2, mafuta lita moja na nusu, chumvi isizidi gramu 200. Mtapata zaidi ya kilo 40 za chakula, kwa hiyo tafuteni sufuria mbili za lita 50 badala ya moja kubwa ambayo chini inaungua na juu bado mbichi. Loweka usiku kucha, mahindi mbali na maharage mbali, asubuhi mwaga maji. Mahindi yatangulie jikoni kama saa moja ndipo maharage yaingie, na yachemke vizuri, kwa sababu haragwe lisiloiva linaumiza tumbo. Maharage ya zamani hayalainiki hata ukeshe nayo, kwa hiyo jaribuni robo kilo kabla ya kununua gunia. Mahindi yenye ukungu au rangi iliyobadilika yakataeni hata mkipewa bure. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Tui la nazi linanogesha, lakini makande yenye nazi yanachacha mapema kwenye joto la Dar. Yaacheni. Wali nao ukikaa vuguvugu saa nyingi unatapisha watu. Chakula kitoke motoni kinafuka na kiishe ndani ya saa mbili. Kilichobaki msikilaze kwa ajili ya kesho.

Kwenye kugawa tumieni upawa mmoja kwa wote, uliopimwa. Wa mililita 225, mapawa mawili kwa kila mtu, watu 100 ni lita 45. Anayegawa kwa kukadiria humaliza sufuria kwa watu 70, na ugomvi wa wale 30 hamtauweza. Toeni vikaratasi vya namba nusu saa kabla, mkianza na wazee, wenye ulemavu na wanawake wenye watoto, la sivyo vijana wenye nguvu watakuwa mbele kila wiki. Msidai kitambulisho wala msiombe mtu aeleze kwa nini analala nje ili apate sahani.

Bakuli ngumu za plastiki 60 zinatosha zikizungushwa. Beseni la kwanza maji ya sabuni, la pili maji safi, la tatu maji ya jiki, ile dawa ya klorini. Jiki ya asilimia 3.5, vijiko vitatu vya chakula kwa lita 20, bakuli likae dakika moja kisha likauke lenyewe bila kitambaa. Maji ya kunywa madumu mawili ya lita 20, na la kunawia liwe mbali nayo. Anayetaka kuondoka na chakula aje na kopo lake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na chakula cha moto hakifai humo hata hivyo.

Picha za wanaokula msipige. Wafadhili watadai ushahidi, wapeni risiti na picha za sufuria.

Mtoto aliye peke yake si wa kuchukua nyumbani, hata kwa huruma. Mwiteni afisa ustawi wa jamii wa kata, au pigeni 116, ni bure. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mkipima mzunguko wa mkono wa juu ukawa chini ya sentimita 11.5, huyo ni wa kituo cha afya leo hii. Vilevile mtu mzima aliyekaa siku nyingi bila kula na miguu imevimba: kumshibisha ghafla kunaweza kumuua, apelekwe hospitali kwanza.

Baada ya miezi miwili mtaanza kuwajua kwa majina, na hapo ndipo pana kazi ambayo wengi hawaifikii. Wengi wanaolala barazani wana kazi: wanabeba mizigo, wanasukuma mikokoteni, wanaosha vyombo kwa mama lishe. Wanakula kwa jasho lao siku nyingi. Kinachowashinda ni mwenye nyumba kutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, au mitatu akiwa na huruma, na dalali kutaka ya mwezi mmoja juu yake. Anayepata hela ya siku kwa siku hawezi kuikusanya akilala mahali ambapo anaibiwa mfukoni. Mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nao haumfikii kirahisi, kwa sababu unahesabu kaya, na walengwa wanatambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Asiye na kaya hana wa kumtaja.

Kwa hiyo gawanyeni mchango, theluthi mbili sufuria, theluthi moja mfuko wa kodi. Tafuteni vyumba wenyewe, bila dalali, na wenye nyumba walio tayari kupokea mwezi kwa mwezi kikundi kikiwa mdhamini kwa maandishi. Kodi lipeni kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Mpangaji alipe nusu mwezi wa pili, yote mwezi wa nne. Wekeni wawili chumba kimoja ikiwa wao wenyewe wamechaguana. Mkiwapanga nyinyi watagombana.

Akishakuwa na chumba, mtendaji ana mtaa wa kuandika kwenye barua ya utambulisho. Kwa barua hiyo na cheti cha kuzaliwa anaanza safari ya kupata kitambulisho cha taifa cha NIDA, na bila namba ya NIDA hasajili laini kwa jina lake, maana yake hana pesa ya simu wala pa kuwekea akiba. Cheti kikiwa hakipo, anzeni mapema RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu ndicho kinachochelewesha wengi. Nakala za karatasi zake zikae kwa mweka hazina wenu, kwenye bahasha yenye jina, maana zikinyeshewa mara moja mtaanza upya.