Maswali na Majibu ya Teknolojia: Seva ya Nyumbani Inapokataa Wageni

Barua nyingi zilizotufikia likizo hii zinafanana, kwa hiyo tumezitengea ukurasa mzima. Walioandika ni vijana, na baadhi ni wazazi wao, ambao wamefungua seva binafsi za mchezo wa Minecraft, yaani kompyuta za nyumbani zinazowapokea wachezaji wengine, ili kucheza na ndugu na marafiki walioko miji mingine ya Uganda. Wote wanalalamikia jambo moja: mchezo unafunguka, anwani imeandikwa sawasawa, lakini mgeni haingii. Tumechagua barua nne, na majina ya walioziandika hatukuyachapisha.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbale. Nimeweka seva ya Minecraft kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, na mdogo wangu anaingia bila shida akiwa chumba cha pili. Binamu zangu walioko Arua na Kampala wakijaribu, skrini inasubiri kwa muda kisha inaandika “Connection timed out”. Nimefungua mlango namba 25565 kwenye rauta kama nilivyoelekezwa na video, nimeizima na kuiwasha rauta mara nyingi, na hata mchezo nimeufuta nikauweka upya. Rauta yangu inatumia laini ya simu. Nimekosea wapi? — Msomaji, Mbale*

Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyoeleza, hujakosea popote, na hakukuwa na haja ya kuufuta mchezo. Mdogo wako anapoingia bila shida, tunajua kwamba seva inafanya kazi, kwamba matoleo ya mchezo yanalingana, na kwamba ngome ya ulinzi (firewall) ya kompyuta yako inawaruhusu wageni, angalau wale wa ndani ya nyumba. Kwa hiyo kosa linapaswa kutafutwa katika njia iliyopo kati ya rauta yako na binamu zako, na ujumbe uliouona unatusaidia kulitafuta.

Ujumbe wa kwamba muda umekwisha una maana tofauti kabisa na ule wa kwamba muunganisho umekataliwa, yaani “Connection refused”, ingawa watu wengi huwa wanazichukulia jumbe hizo mbili kuwa kitu kimoja. Muunganisho ukikataliwa, ombi la mgeni limefika kwenye kifaa fulani, na kifaa hicho kimejibu kwamba hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo, yaani namba (port) ambayo programu hupokelea maombi. Mara nyingi seva haijawashwa, au namba ya mlango iliyoandikwa siyo yenyewe. Muda ukiisha, ombi limetumwa na hakuna aliyejibu lolote, kwa sababu limepotelea njiani au limefika mahali ambapo hutupwa bila taarifa. Yeyote anayetaka msaada wa tatizo la namna hii anapaswa kunukuu ujumbe huo neno kwa neno, kama ulivyofanya wewe, kwa sababu kusema tu kwamba “haifunguki” hakumwongozi fundi popote.

Kwa mtu anayetumia rauta ya laini ya simu, sababu ninayoishuku kwanza ni anwani. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazitoshi. Mnamo Januari 2020 AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalozigawa anwani hizo kwa nchi za Afrika, liliingia katika hatua ya mwisho ya kugawa akiba iliyobaki. Ndiyo maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa utaratibu unaoitwa CGNAT. Mteja anapoomba kitu kutoka nje, mitambo ya kampuni hukumbuka ni nani aliyeomba na humrudishia jibu lake. Ombi linapoanzia nje, kama la binamu yako wa Arua, mitambo hiyo haina njia ya kujua ni mteja yupi anayetafutwa, hivyo hulitupa. Ni kama barua iliyotumwa kwa sanduku la posta la shule nzima bila jina la mwanafunzi juu yake. Mlango ulioufungua kwenye rauta yako uko wazi kweli, lakini ombi halijawahi kuufikia.

Unaweza kulithibitisha jambo hili wewe mwenyewe. Fungua ukurasa wa mipangilio ya rauta, utafute sehemu inayoonyesha anwani ya upande wa nje, ambayo mara nyingi huitwa WAN, uiandike kwenye karatasi. Kisha, kwenye kompyuta hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayomwonyesha mtu anwani yake ya IP. Kama anwani hizo mbili zinatofautiana, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Ukiona kwenye rauta anwani inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, huna haja ya kuendelea kuchunguza, kwa sababu kundi hili la pili lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kazi hiyo ya kampuni za mtandao.

Njia za kutoka hapo zipo. Unaweza kuiuliza kampuni yako kama inauza anwani ya umma. Huduma hiyo kwa kawaida huwalenga wateja wa biashara na ina malipo yake, na kwa mchezo wa ndugu wachache sidhani kama gharama hiyo inafaa. Njia ninayoipendelea ni mtandao binafsi wa pamoja, kama Tailscale au ZeroTier, ambapo wewe na binamu zako mnaweka programu ile ile, na kompyuta zenu zinaonana kana kwamba ziko nyumba moja. Hapo hakuna mlango wa kufungua kwenye rauta, kwa sababu kila kompyuta huanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda nje, jambo ambalo mitambo ya kampuni inaliruhusu. Binamu zako wataandika anwani ambayo programu hiyo imeipa kompyuta yako, wataiacha ile ya umma. Ukitumia Tailscale utaona anwani inayoanza na 100. Usishtuke, kwani programu hiyo imeazima kundi lile lile nililolitaja juu. Kama binamu hawataki kuweka programu nyingine, zipo huduma za kupitishia, kama playit.gg, ambazo hukupa anwani ya umma iliyo kwao na kuyaleta maombi ya wageni hadi kwako. Programu inawekwa kwenye kompyuta ya seva peke yake, ila data italazimika kuzunguka hadi kwenye mitambo ya huduma hiyo, na uchelewaji unaweza kuonekana mchezoni.

*Salaam Mhariri. Nyumbani tuna intaneti ya faiba yenye anwani ya umma, na ndugu zangu walikuwa wakiingia kwenye seva yangu bila tatizo. Umeme ulikatika usiku, na uliporudi asubuhi hakuna aliyeweza kuingia tena. Mimi mwenyewe nikiiandika anwani yetu ya umma sipati kitu. Sijabadilisha mpangilio wowote. — Msomaji, Entebbe*

Ni kweli hukubadilisha mpangilio, lakini umeme ulipokatika huenda ulikubadilishia anwani mbili kwa mpigo. Rauta inapowaka upya, kampuni inaweza kuipa anwani mpya ya umma, na rauta nayo inaweza kuipa kompyuta yako anwani mpya ya ndani. Kanuni uliyoiweka ya kufungua mlango bado inaelekeza kwenye anwani ya zamani, kwa mfano 192.168.1.5, wakati kompyuta sasa ni 192.168.1.8, na ombi linapelekwa kwa kifaa ambacho hakipo.

Anza na ya ndani. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, ulinganishe anwani utakayoiona na ile iliyo kwenye kanuni ya rauta. Zikitofautiana, rekebisha kanuni, kisha uiagize rauta iihifadhie kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu. Rauta nyingi zina sehemu ya kufanya hivyo, nayo huitambua kompyuta kwa namba ya kadi yake ya mtandao. Kwa anwani ya umma, jisajili kwenye huduma ya DNS inayojisasisha, ili ndugu zako waandike jina, nalo liifuate anwani kila inapobadilika.

Kuhusu wewe mwenyewe kutopata kitu, jaribio hilo halitoshi kuwa ushahidi. Rauta nyingi haziwezi kuligeuza ombi linalotoka ndani na kuelekea kwenye anwani yao ya nje, kwa hiyo mwenye nyumba hushindwa hata pale ambapo wageni wote wanaingia. Wewe ukiwa kwenye kompyuta ya seva andika localhost, yaani kompyuta hii hii, na jaribio la kutoka nje umwachie mtu aliye kwenye mtandao mwingine, au tumia kompyuta ndogo iliyounganishwa kwenye data ya simu.

Angalia pia kama Windows haijaanza kuutambua mtandao wenu kuwa wa umma, kwani hapo ngome yake hukaza masharti na huweza kuizuia Java, programu inayoiendesha seva. Hakikisha vilevile kwamba seva imewashwa tena, jambo ambalo husahauliwa kuliko unavyodhani. Na kwa kuwa umeme ukikatika ghafla wakati seva inaandika unaweza kuiharibu dunia mliyoijenga kwa miezi, weka nakala ya folda ya dunia hiyo mahali pengine kila wiki.

*Mheshimiwa Mhariri, naingia kwenye seva ya rafiki yangu aliyeko Ntinda, nami niko Kibuye, lakini ninatupwa nje kila baada ya dakika chache, na siku nyingine sipokelewi kabisa. Wenzetu wengine wanacheza vizuri. Kompyuta yangu ina VPN ambayo siizimi kwa sababu ya Facebook. Je, inaweza kuhusika? — Msomaji, Kampala*

Inaweza sana, na ndicho kitu cha kwanza cha kujaribu. Waganda wengi walizoea VPN, programu inayopitisha data yako kwanza kwenye mitambo iliyo mahali pengine, tangu Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, nao wakawa wanaikwepa tozo hiyo. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa na badala yake data ikawekewa kodi ya asilimia 12, lakini Januari ya mwaka huo huo Facebook ilikuwa imefungwa, na mazoea ya kuiacha VPN ikiwa wazi mchana na usiku yakabaki.

Tazama inavyouathiri mchezo wako. Wewe na rafiki yako mko mji mmoja, na hata kama mnatumia kampuni tofauti, data yenu inaweza kubadilishana hapa hapa Kampala kwenye UIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti hupeana data, bila kuvuka mpaka. Ukiwasha VPN yenye mitambo Uholanzi, kila hatua unayopiga mchezoni inapita Kenya au Tanzania hadi pwani, inaingia kwenye nyaya za baharini, inafika Ulaya, kisha inarudi njia hiyo hiyo hadi Ntinda. Seva ya Minecraft ya kompyuta hukutumia ujumbe mdogo mara kwa mara ili kujua kama bado upo, na ikikosa jibu kwa takriban sekunde 30 inakuondoa. VPN ya bure iliyojaa watu hukatika kwa urahisi kiasi hicho. Siku ambazo hupokelewi kabisa, inawezekana anwani uliyopewa na VPN imekwisha kufungiwa, kwa sababu hutumiwa na watu wengi na mmoja wao aliharibu.

Huhitaji kuiacha VPN moja kwa moja. Programu nyingi za aina hiyo zina mpangilio wa kuchagua ni programu zipi zipite ndani yake. Iruhusu kwa kivinjari peke yake, na mchezo upite njia ya kawaida. Ukiizima na bado unatupwa nje, waulize wenzako wa seva nyingine hali ikoje kabla ya kumlaumu rafiki yako. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja, na hakuna mpangilio wa nyumbani ambao ungeweza kuitibu hali hiyo.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili. Kijana wangu ana seva ya Minecraft, na rafiki zake wamemshauri azime ulinzi wote wa kompyuta ili waweze kuingia. Dada yake naye hawezi kuingia kwa simu hata akiwa sebuleni. Nimruhusu? — Mzazi, Jinja*

Mama yetu mpendwa, tafadhali usimruhusu. Kuzima ngome kwa dakika tano ili kujua kama ndiyo inayozuia ni jaribio halali. Kuiacha imezimwa ni kuziweka wazi faili zote za familia kwa ajili ya mchezo mmoja. Aiwashe tena, kisha airuhusu Java peke yake ipite.

Binti yako hana kosa. Minecraft ya simu ni tofauti na ile ya Java ya kompyuta: ya simu hutumia mlango 19132 kwa utaratibu wa UDP, ya Java hutumia 25565 kwa TCP, na haziwezi kuzungumza zenyewe. Kaka yake akiongeza kwenye seva programu ya Geyser, inayotafsiri kati ya aina hizo mbili, na kuufungua mlango huo wa UDP kwenye ngome, dada anaweza kuingia.

Lakini kuna mambo ninayokuomba uyasimamie mwenyewe, hata kama lugha yake ni ya kiufundi. Muulize kijana kama kwenye faili la mipangilio ya seva, server.properties, mstari wa online-mode umeandikwa “false”. Vijana hufanya hivyo ili kuwapokea wenye nakala zisizolipiwa, na matokeo yake ni kwamba seva haithibitishi tena jina la mtu yeyote. Mgeni anayelijua jina la kijana wako anaweza kuingia kwa jina hilo na kupata mamlaka yake yote. Akiuweka “true” na kuiwasha orodha ya walioruhusiwa, wataingia wale tu aliowaandika. Muulize pia seva yake ni ya toleo gani. Desemba 2021 iligunduliwa kasoro katika Log4j, sehemu ya programu iliyotumiwa pia na Minecraft ya Java, ambayo ilimwezesha mtu kuitawala kompyuta ya mwingine kwa kuandika ujumbe kwenye soga ya mchezo. Toleo la 1.18.1 lilikuja na tiba. Kama seva yake ni ya zamani kuliko hilo na haijawekewa marekebisho hayo, aizime leo na asiiwashe kabla ya kuisasisha.