Kujaza risasi mwenyewe kwa ajili ya nguruwe wa konde: niliyoyaona mimi

Assalam aleikum ndugu zangu. Nimeyasoma mara mbili maneno ya ndugu yetu wa Muyuni. Anasema nguruwe wamemfukulia muhogo na viazi vikuu, kima wanamalizia mahindi mabichi, na wakulima watano wanategemea bunduki moja ya marisau ya mzee wao, yenye kibali. Wanapiga, nguruwe anakimbia na damu, hapatikani. Sasa ameona katika intaneti watu wa nje wakijaza risasi zao wenyewe mezani, yaani ganda lililokwisha pigwa wanalitia baruti na kichwa kipya, wanapata shabaha ya ajabu, na anauliza kama naye afanye hivyo na vifaa avipate wapi.

Kazi hiyo nimeifanya miaka minne, si hapa. Na hapa Kusini Unguja huu ni mwaka wa sita natoka na wasasi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali ni zuri, lakini dawa haipo pale anapoitafuta.

La hatari kwanza, na halina maneno mengi. Hapa kwetu usijaze. Kutengeneza risasi bila leseni ya kutengeneza ni kosa, na kibali cha mzee ni cha kumiliki bunduki, basi. Mkikutwa na baruti na fataki chumbani, bunduki itachukuliwa na konde litabaki la nguruwe. Kuna sababu nyengine pia: risasi iliyojazwa vibaya haimuumizi nguruwe, inamuumiza aliyeishika bunduki, usoni na mikononi. Lakini ile njia ya kufikiri wanayoitumia wajazaji, hiyo haihitaji leseni, na ndiyo mnayoihitaji nyinyi.

Nilikuwa Kanada, Alberta, nikifanya kazi katika shamba la ng'ombe. Mwenye shamba alikuwa na raifo ya .243 Winchester. Risasi hiyo ilitoka mwaka 1955, ni ganda la risasi ya .308 lililobanwa shingo ili libebe kichwa chembamba, kile kipande kinachoruka. Watu wa kule wanaipenda kwa sababu bunduki moja inafanya kazi mbili: unatia kichwa chepesi cha greini 55 au 58 kwa koyote, yule mbweha wao anayekamata ndama, na kichwa cha greini 95 au 100 kwa mnyama wa kitoweo mwenye mwili mkubwa. Greini ni kipimo kidogo mno, gramu moja ina greini 15 na kitu.

Risasi ni vitu vinne. Ganda la shaba, fataki ya kuwashia kitakoni, baruti tumboni, kichwa mdomoni. Ukishapiga, ganda linabaki zima ila limetanuka. Unalisafisha, unalibana katika kalibu lirudi umbo lake, unatia fataki mpya, unapima baruti kwenye mizani, unakaza kichwa kipya. Mikono ya mtu yeyote aliyewahi kushona kofia ya viua inaiweza kazi hiyo. Ugumu uko katika kutafuta kipimo.

Mwenye shamba alinikalisha chini na kitabu cha watengenezaji wa baruti. Kwa kila kichwa na kila baruti kitabu kinatoa kipimo cha kuanzia na kipimo cha mwisho. Unaanza na cha chini, hata kama unaona ni dhaifu. Unajaza risasi tatu au tano za kipimo hicho, kisha unapanda kidogo, tatu au tano nyengine, kila moja na alama yake. Unakwenda kupiga karatasi mita 100, bunduki imeegemezwa juu ya mifuko ya mchanga, na unauacha mtutu upoe kabla ya fungu linalofuata. Halafu unatazama vitu viwili. Karatasini unatazama matundu yamekaa karibu karibu kiasi gani. Na ganda lililotoka unaliokota na kulikagua: fataki imebapa kama imepigwa nyundo? Kitakoni pana alama inayong'aa? Mkono wa bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya bunduki, uligoma kunyanyuka? Ukiona dalili hizo unasimama hapo hapo, hata kama kitabu kinaruhusu kupanda zaidi. Na unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha baruti na kichwa pamoja, shabaha ikiharibika hujui umlaumu nani.

Kosa langu la kule nalikumbuka hadi leo. Kipimo changu cha koyote nilikitafuta Januari, baridi kali, theluji mpaka magotini. Nikapata kipimo karibu na kile cha mwisho, matundu matatu unayafunika kwa kifuniko cha soda. Nikajaza risasi 50 nikafurahi. Mwezi wa Julai nikaziacha ndani ya gari juani, jioni nikapiga moja, bolti ikakataa kunyanyuka mpaka nilipoigonga kwa kipande cha gogo. Fataki ilikuwa bapa kabisa. Baruti ikipata joto huwaka kwa kasi zaidi na nguvu inapanda ndani ya mtutu. Risasi ile ile, bunduki ile ile, jua tu ndilo lililobadilika. Nilizifungua zote zilizobaki, moja moja, na mikono ikinitetemeka.

Nimelieleza hilo kwa sababu jua letu la kaskazi mnalijua. Risasi za dukani zimeachiwa nafasi ya usalama, lakini haifai kabisa kuziweka juu ya dashibodi ya gari au chini ya bati.

Sasa turudi kondeni. Niliporudi nyumbani nilikuta wenzangu wana bunduki ya mitutu miwili, namba 12 (ndiyo ukubwa wa tundu la mtutu), na malalamiko yale yale ya ndugu yetu: damu inaonekana, nguruwe haonekani. Kila mtu na sababu yake. Mmoja anasema risasi mbovu, mwengine anasema mpigaji ana mkosi. Nikawauliza, bunduki hii imewahi kupigwa karatasi? Haijawahi, na ina umri kunishinda mimi.

Basi tukampa taarifa sheha na polisi, tukaenda kwenye shimo lililochimbwa kifusi lenye ukuta mrefu wa udongo nyuma. Msifanye hivyo mbele ya mawe. Ardhi yetu ya maweni inarudisha marisau kama mpira. Tukafungua mifuko ya saruji, tukaigandisha pamoja kwa uji wa muhogo, katikati tukachora duara la ukubwa wa sahani ya wali, ndicho kifua cha nguruwe. Kisha tukapiga na kuhesabu. Risasi za SG, aina ya marisau makubwa, 9 ndani, kila moja ina kipenyo cha milimita 8 na ushei. Aina mbili za viwanda tofauti, kila mtutu peke yake, kila umbali peke yake, mara tatu tatu.

Matokeo yalitunyamazisha. Mtutu wa kushoto umebanwa mdomoni, na wote tuliamini ndio wa kupigia mbali. Kwa risasi za aina ya kwanza, mtutu huo ulitawanya kuliko ule ulio wazi! Marisau makubwa yakisukumana kwenye mdomo mwembamba huweza kupinda na kwenda ovyo. Aina ya pili, ambayo marisau yake yamekaa ndani ya kikombe cha plastiki, mtutu ule ule ukayaweka pamoja: hatua 20 marisau 6 au 7 ndani ya sahani, hatua 25 yakabaki 5, hatua 35 mawili, mara nyengine moja. Na wenzangu walikuwa wakipiga nguruwe hatua 40 na 50. Hapo ndipo damu ilipokuwa ikitoka bila mnyama kuanguka. Mkosi haukuwapo.

Tukakata shauri: hatua 25, mwisho. Zaidi ya hapo bunduki hainyanyuliwi, hata nguruwe awe amesimama ubavu. Nyavu na mbwa ndiyo kazi yao kumleta karibu, na wazee wetu walimaliza nguruwe kwa mikuki na nyavu kabla ya bunduki hii kuja. Mnyama aliyejeruhiwa akaachwa anateseka siku tatu kwenye kichaka ni dhambi yetu, hata kama nyama yake hatuli.

Msishawishike na raifo. Risasi ya .243 inakwenda kilomita mbili na zaidi, na kisiwa chetu ni tambarare, nyuma ya kila kichaka pana mtu anakata kuni au mama anatoka pwani na mwani. Hata SG ina uwezo wa kufika zaidi ya mita 500. Jueni nani yuko nyuma ya mnyama.

Kuhusu kima, tafadhali sana muwe na hakika ya mnachokitazama. Kima punju mwenye mgongo mwekundu na tumbo jeupe, kidole gumba chake ni kama hakipo, yuko kwetu Zanzibar tu duniani kote, na analindwa. Anashinda kwenye miti ya mikungu akila majani, tena hula hata makaa. Marisau hayachagui: ukipiga kundi lililochanganyika utaua asiyehusika. Kwa kima mimi nalinda konde kwa watoto wenye makopo na mbwa mmoja aliyefungwa pembeni, bunduki siitoi.

Mambo mawili ya kuokoa roho kabla sijamaliza. Risasi ya namba 20 ikiingia ndani ya bunduki namba 12 huteleza na kukwama mbele, hauioni, unatia ya namba 12 nyuma yake na mtutu unapasuka. Ndiyo maana namba 20 zinapakwa manjano. Msiweke aina mbili mfuko mmoja. Pili, ukisikia mlio mdogo, "puf", badala ya mlio wenyewe, usipige tena. Fungua bunduki, toa kila kitu, uchungulie mtutu kwa upande wa nyuma uone mwanga, maana kizibo, kile kinachokaa baina ya baruti na marisau, kinaweza kuwa kimebaki ndani. Ikibofya isilie, mdomo wa mtutu ubaki umeelekea chini mahali salama kwa dakika nzima ndipo ufungue. Risasi zetu zinapata chumvi ya bahari na unyevu wa masika. Kitako kikiwa na kutu ya kijani, itoe kwenye mkoba. Zangu nazitunza kwenye kopo la biskuti lenye vipande vya mkaa mkavu, kabatini chini ya kufuli pamoja na bunduki.

Ndugu wa Muyuni, tafuteni mifuko minne ya saruji na risasi tatu za kila aina mnayoinunua. Andika juu ya kila karatasi: mtutu gani, risasi gani, hatua ngapi. Piga picha uzilete hapa, nitazihesabu pamoja nawe.