Mwanga Si Upepo

Msomaji wa Tanga anauliza: mwanga unapobadilisha obiti za setilaiti, yaani njia zake za kuizunguka Dunia, tuseme ni "shinikizo la mwanga wa jua" au "msukumo wa mwanga wa jua"?

Yote mawili yanafaa. Shinikizo lilikuwa chombo cha kukamulia mafuta kabla wanafizikia hawajalichukua kutaja kani inayobana eneo fulani. Msukumo ni neno la kila siku, nami sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni na "upepo wa jua". Setilaiti ikihama njia yake kidogo tu, mtu ataandika kuwa "imepeperushwa na upepo wa jua". Hapana! Upepo wa jua upo, ila ni chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme zinazotoka kwenye Jua. Usumaku wa Dunia hukinga sehemu kubwa ya chembe hizo zisizifikie setilaiti zetu, na hata zinapofika, shinikizo lake ni dogo kuliko la mwanga kwa takriban mara elfu moja. Na la mwanga lenyewe ni dogo mno: kama sehemu 4.5 za milioni ya nyutoni (kipimo cha kani) kwa kila mita mraba.

Lakini halipumziki. Itazameni Echo 1, puto la Wamarekani lililorushwa kuwa setilaiti tarehe 12 Agosti 1960: kipenyo cha mita 30, uzito usiofika kilo 80. Lilianza na obiti iliyokaribia kuwa duara, kimo cha kilomita 1,600 hivi. Hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba mwanga ungeweza kuihamisha obiti hiyo hadi kilomita 6 kwa siku. Je, puto lilipeperushwa? Kinachopeperushwa hufuata uendako upepo. Echo 1 iliendelea kuizunguka Dunia. Ilipolielekea Jua, mwanga uliipunguzia kasi. Ilipolipa Jua kisogo, mwanga uliiongezea. Hasara na faida zilikaribia kufutana katika kila mzunguko, lakini duara likavutika likawa yai: upande mmoja ukaishukia Dunia, wa pili ukapanda. Upande wa chini ulipogusa hewa nyembamba, hewa ikaanza kuila kasi yake, na Mei 1968 puto likaanguka na kuungua. Nani ataona hayo yote ndani ya neno "kupeperushwa"?

Kosa hili linaficha jambo zito. Kwenye kimo cha kilomita 35,786, ziliko setilaiti za mawasiliano, hakuna hewa ya kuangusha taka za angani. Vipande vyembamba kama karatasi, vyenye eneo kubwa na uzito kidogo, huvutwa obiti zao na mwanga, zikafinyika na kulegea mwaka hadi mwaka, vikikatiza njia za setilaiti zinazofanya kazi. Anayedhani ni upepo atangoja utulie.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Tanga, andika "shinikizo la mwanga" kitabuni, sema "msukumo wa mwanga" redioni. "Upepo wa jua" uachie zile chembe.