Mzee wangu rubani amestaafu na hasemi kitu: jibu la mstaafu mwenzake

Mwanangu uliyeanzisha uzi, nimekusoma mara mbili. Unasema mzee wako amerusha ndege miaka thelathini na ushee, kastaafu mwaka jana, na sasa anaamka saa tisa usiku na kukaa sebuleni taa zimezimwa. Ndege ikipita juu, anaacha alichokuwa anafanya mpaka mlio upotee. Ukimuuliza habari za kazi anajibu "ilikuwa kazi nzuri", basi. Unauliza kama ni ugonjwa, na kama mkimpeleka uwanjani akaangalie ndege huenda akachangamka.

Waliotangulia wamekushauri mengi na sina ugomvi nao, ila sijaona humu aliyewahi kukaa kwenye kile kiti. Mimi nimekaa miaka 38. Nilianza na ndege ya Fokker F27, nikaenda Boeing 737-200, nikamalizia 767. Huu ni mwaka wangu wa sita nyumbani. Jibu ni refu, utanivumilia.

La uwanjani nalimaliza haraka: usimpeleke. Mimi nilipelekwa. Watoto walikuwa na nia njema kabisa, wakanisimamisha nyuma ya uzio pamoja na wajukuu, nami nikashinda pale nikihesabu makosa ya watu. Huyu kachelewa kuinua pua, yule kagusa lami mbali mno. Nilikuwa kama mtalaka aliyealikwa harusini. Na mlango wa wafanyakazi niliokuwa napita kila siku nauona pale pale. Siku ya mwisho ulikabidhi kitambulisho, kwa hiyo mlinzi yuleyule aliyekuwa anakupigia saluti leo ana wajibu wa kukuzuia, na akikuzuia yuko sahihi.

Hilo la saa tisa nalo lisikutishe sana. Safari ya alfajiri inamtaka rubani awe ameripoti saa nzima au zaidi kabla ya kuondoka, sasa rudisha nyuma muda wa njiani na wa kujiandaa uone ulipofika. Mwili haukuletewa barua ya kustaafu. Wangu ulichukua miaka miwili kuelewa. Ila kama hali chakula, au kaanza kusema maneno ya kukata tamaa, hapo mpeleke kwa daktari, usingoje ushauri wa watu wa mtandaoni nikiwemo mimi.

Kuna vituko vingine utaviona, na vingi vina maelezo. Mama watoto akiniambia "funga dirisha la jikoni", mimi najibu "dirisha la jikoni, nafunga", kisha nikimaliza natangaza "limefungwa". Mwanzoni alidhani namdhihaki. Nikamweleza kwamba redioni kila agizo muhimu la mwongoza ndege lazima ulirudie kama lilivyo, ili kama umesikia vibaya akukamate papo hapo. Wa umri wangu hatukujifunza hilo kwenye vitabu tu. Tarehe 27 Machi 1977, pale Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili aina ya 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu mzito, watu 583 wakafa, na sehemu kubwa ya mkasa ule ilikuwa maneno: mmoja anasema hivi, mwingine anaelewa vile. Ndipo ikawekwa kanuni kwamba neno la kupaa halitamkwi redioni ila pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Mpaka leo mjukuu akiniambia "babu, twende", nauliza twende wapi, sasa hivi au baadaye. Ananiona mzee msumbufu.

Mtazame pia bega. Kabla ya tableti tulibeba begi la ramani, majalada mazito ya Jeppesen. Yalianza miaka ya 1930 na daftari dogo la rubani wa Marekani, Elrey Jeppesen, aliyekuwa anajiandikia milima, minara na viwanja vya kutua kwa ajili ya usalama wake mwenyewe, baadaye wenzake wakataka kununua nakala. Kufika zamani zetu daftari lilikuwa limezaa maktaba. Kurasa mpya zilikuja kila mara, unakaa mezani unachomoa za zamani unachomeka mpya moja moja, na ole wako uruke moja. Begi lile limetupinda wengi upande mmoja. Likumbuke begi, nitalirudia.

Tuje kwenye kunyamaza, maana hapo ndipo penye swali lako hasa.

Sisi tuna kijiwe. Tuko watano, sita mmoja akiwa hajalazwa, tunakutana mara moja kwa wiki. Mtu mgeni akipita atadhani tunagombana. Kila mmoja ana sikio moja bovu, maana injini za Dart za ile F27 zilikuwa na mlio wa filimbi unaopenya mpaka kwenye jino, na wengi tulivaa kisikilizio sikio moja tu ili lingine limsikie mwenzako. Kwa hiyo kuna vita ya viti kwanza, kila mtu akitaka sikio zima lielekee watu. Tukishakaa, neno linalosikika zaidi ni "rudia". Hakuna anayesema "eti?" wala "unasemaje?". Ni "rudia", kwa sauti ya redioni, wazee watano na mvi zao.

Mwenye kumbukumbu kali kuliko wote pale si rubani, ni mhandisi wa ndege. Vijana hamumjui huyu. Alikuwa mtu wa tatu katika chumba cha marubani, anakaa nyuma yetu ameelekea ukuta wa mita na swichi: mafuta, umeme, hewa ya ndani, joto la injini. Wetu huyu aliruka kwenye Boeing 707. Kisha miaka ya themanini zikaja ndege za kurushwa na watu wawili, 767 ikiwemo, kompyuta ikachukua kiti chake. Sisi tulistaafishwa na umri, yeye alistaafishwa na skrini, na hajatusamehe. Kila ubishi, uwe wa nini, ataumalizia Gimli. Tarehe 23 Julai 1983, 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, futi 41,000, kwa sababu hesabu ya kujaza ilifanywa kwa ratili badala ya kilo. Kapteni, Robert Pearson, alikuwa pia mrushaji wa ndege zisizo na injini, akaiteremsha bila injini hata moja mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, Kanada, na watu wote wakatoka hai. Sisi marubani tunasimulia ile kapteni alivyoilaza ndege ubavu kupunguza mwinuko. Mhandisi anangoja tumalize, halafu anauliza kwa upole: "Na hesabu ya mafuta, ingekuwa 707, ingekuwa kazi ya nani?" Hatuna jibu. Hajawahi kushindwa ubishi huo.

Miezi ya kwanza nilipojiunga nilisimulia kama kila mtu, yaani hadithi ambazo mimi nang'ara. Nilikuwa nayo moja ya radi. Nilikuwa kapteni mpya kwenye F27, usiku, mvua, tunakwenda kutua uwanja ambao msaada wake pekee ulikuwa mnara mmoja wa redio ardhini. Ndani ya ndege una mshale unaokuonyesha mnara uko upande gani, unaufuata. Nimeisimulia kwa ndugu, kwenye sherehe, hata kwa wanafunzi: jinsi upepo ulivyotupiga, jinsi nilivyoghairi kutua, nikapanda, nikazunguka, nikarudi nikatua laini abiria wakapiga makofi. Watoto wangu wanaijua kwa moyo.

Siku moja kijiweni nikaianza tena, na sijui kilichonipata, nikaisema ilivyokuwa.

Mshale ule una tabia moja inayojulikana: radi nayo inatoa mawimbi ya redio, kwa hiyo ikiwa karibu na ina nguvu, mshale unauacha mnara na kuielekea radi. Kila rubani amefundishwa. Mimi nilikuwa nateremka nikifuata mshale. Rubani msaidizi, kijana mdogo, akasema, "Kapteni, mshale unacheza na radi." Nikamwambia anyamaze atazame mwendo. Umeme ukamulika, mshale ukaruka, ukatulia, umeme tena, ukaruka tena. Akasema mara ya pili, sauti inatetemeka, na safari hii akaongeza mwinuko tuliokuwa nao, kwa tarakimu, kama anavyotakiwa. Ile tarakimu ndiyo iliyonizindua. Nikaongeza nguvu nikapanda. Makofi ya abiria yalikuwa ya yule kijana, na hakuna aliyemwambia. Nilipofika nyumbani baada ya kijiwe nikafungua kitabu changu cha safari nikautafuta usiku ule. Mstari mmoja: tarehe, namba ya ndege, kutoka, kwenda, saa moja na dakika 25, na alama kwenye safu ya usiku. Jumla ya kitabu ni saa elfu kumi na tisa na kidogo, maana yake miaka miwili na zaidi ya maisha yangu sikuwa ardhini, na ukikisoma chote hutakuta kosa hata moja.

Kwa nini sikuwahi kusema? Leseni, mwanangu. Rubani anapimwa kila mara maisha yake yote ya kazi, na ukivuka sitini katika ndege za abiria unapimwa afya kila miezi sita. Kanuni ya kimataifa ilikuwa ukomo miaka 60, ikasogezwa hadi 65 mwaka 2006, na hiyo mitano ya nyongeza wengi tumeiishi tukiogopa kikohozi. Unazoea kumwambia daktari kila kitu kiko sawa. Unazoea kumwambia mke. Mtahini kwenye simyuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, akikuuliza umelalaje, umelala vizuri. Leo vyumba vya marubani vina utamaduni tofauti, msaidizi anafundishwa kusema na kapteni anafundishwa kusikiliza, na makosa yanaripotiwa ili wengine wajifunze. Wazee wa rika la baba yako na mimi tulilelewa kabla hilo halijakomaa. Mara ya kwanza kwenda hospitali nikiwa mstaafu, daktari aliniuliza masikio yanasikiaje, nikajibu "vizuri", nikafika mlangoni nikarudi. Nikamwambia la kushoto lilikufa zamani.

Kwa hiyo mzee wako akisema "ilikuwa kazi nzuri", mimi namsikia mtu ambaye bado anatahiniwa. Wewe ni mwanawe, umekua ukimwona amevaa mistari minne ya ukapteni begani. Wewe ndiye mtu wa mwisho ambaye yeye atamwambia kwamba mshale ulimdanganya. Acha kumuuliza. Mtafutie wenzake, hata wawili, hata aliyekuwa mwongoza ndege au fundi wa injini, mtu ambaye hahitaji kuelezewa mshale ni nini. Mfikishe, halafu ondoka. Usikae kusikiliza. Mwanangu mmoja alikuwa anakaa nasi kwa heshima, na siku hizo tulirudi wote kwenye hadithi za kung'ara.

Atakaponyamaza hata huko, mwacheni. Mmoja wetu alikaa karibu mwaka akisema "rudia" tu.

Sasa la begi. Nilipomaliza kusema ile ya radi, hakuna aliyenipa pole wala kunilaumu. Mhandisi akauliza swali moja tu: "Yule kijana, uliwahi kumshukuru?" Sikuwahi. Ilinichukua wiki tatu kupata namba yake kupitia watu. Siku hizi naye ni mstaafu, sauti imekuwa nzito. Nikajitambulisha, akafurahi sana, "Kapteni, shikamoo!", nikamweleza usiku ule hatua kwa hatua, mshale, umeme, maneno yake mawili, nikamwambia asante na nikamwomba radhi.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kapteni, mimi hiyo radi siikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni kwamba ulikuwa unanibebesha begi lako."

Ni kweli nilikuwa nambebesha. Bega lake, anasema, ni la kulia. Nimemwalika kijiweni, anakuja wiki ijayo, na jamaa wameshaanza kubishana atakaa kiti gani.